Sammy Baloji: mutoto wa Lubumbashi anayesemesha shaba



Mama mumoja alinifikia kisha ibada, akaniambia: «Pasta, mutoto yangu anapenda tu kuchora na kupiga foto. Sasa ameanza kupanga mabati na vyuma vya zamani katika parseli, anasema ile njo kazi. Pasta, ile kazi itamulisha?» Sikuwa na jibu la haraka. Lakini niliwaza mutu mumoja wa muji wetu ambaye shaba yake imesimama Venice, Paris na Florence, na watu wanalipa tikiti juu ya kuiangalia. Jina lake Sammy Baloji. Nikamwambia yule mama: ngoja kidogo, nitaandika habari yake katika gazeti letu. Basi, njo hii.

Sammy Baloji alizaliwa Lubumbashi mwaka 1978. Wewe mwenye kukaa katika makambi ya kazi, hesabu pamoja nami. Alipokuwa na miaka 8, katika mwaka 1986, Gécamines ilitoa shaba tani karibu 476,000. Alipokuwa na miaka 12, mwezi wa Septemba 1990, chimbo ya Kamoto ilianguka ndani ya udongo huko Kolwezi. Alipokuwa na miaka 16, mwaka 1994, shaba yote ya Gécamines haikufika hata tani 40,000. Watoto wa umri wake walikomaa wakiona usini inanyamaza na baba wanakaa mbele ya nyumba bila kazi. Kisha, katika 2003 na 2004, wafanyakazi zaidi ya 10,000 walitolewa katika ile mupango iliyoitwa «départs volontaires», maana yake kuondoka kwa mapenzi. Kama ilikuwa kweli kwa mapenzi, waulize wale walioondoka.

Ni katika nyumba namna ile kijana anasema: mimi nataka kuwa msanii. Unaweza kufikiri mwenyewe namna wazazi wengi wanajibu.

Baloji hakuanzia katika masomo ya usanii. Alisoma Inivesite ya Lubumbashi, katika mambo ya habari na mawasiliano. Alipenda kuchora hadisi za michoro, zile bande dessinée ambazo vijana wanasoma na kupeana mukono kwa mukono. Aparei ya foto ilikuja kumusaidia. Alipiga foto za nyumba za zamani za Lubumbashi, zile Wabelgiji walijenga na sisi tunapita mbele yake kila siku bila kuinua macho. Baadaye alikwenda kujifunza zaidi kule Strasbourg, Ufaransa. Ninakuambia hivi kwa sababu vijana wengi wanafikiri mwito wa mutu unashuka siku moja kama umeme. Kwake ulikuja pole pole, kwa kalamu, kisha aparei, kisha ordinatere.

Wazee wanasimama tena ndani ya usini

Kazi iliyofanya jina lake lijulikane inaitwa «Mémoire», maana yake ukumbusho. Ni ya mwaka 2006. Baloji aliingia katika usini na machimbo ya Gécamines yaliyobaki bila kazi. Alipiga foto za rangi, ndefu sana, zinaonyesha vyuma vyenye kutu, paa zilizotoboka, mashimo, milima ya takataka za shaba. Kisha akatafuta foto za zamani, nyeusi na nyeupe, za wakati wa Union Minière. Ndani yake kuna wafanyakazi waliosimama kwa mustari, vifua wazi, wanatazama aparei macho kwa macho. Kuna na wakubwa Wazungu, nguo nyeupe na kofia, waliokuja kutembelea kazi. Kwa njia ya ordinatere aliwatoa wale watu katika foto zao za zamani na kuwasimamisha katika usini ya leo.

Kaa mbele ya foto moja kidogo. Mwanaume mumoja mweusi na mweupe anasimama katikati ya kutu nyekundu. Yeye alichimba, shaba ilitoka, ikapanda gari la moshi, ikaenda bahari. Yeye alibaki. Sasa na usini yenyewe imelala. Anatuangalia. Ni sawa anauliza: mulifanya nini na jasho langu? Na sisi tunageuka kwa wale wenye nguo nyeupe na kuwauliza swali lingine.

Union Minière ilianzishwa mwaka 1906. Mwaka 1967 serikali ya Mobutu iliitwaa, na ikawa ile tunayoiita leo Gécamines. Wazee wetu wa makambi wanapenda kusema: «Kazi njo baba, kazi njo mama.» Hawasemi uongo. Kulikuwa na hospitali, masomo, poso ya unga kila mwezi, hata kiwanja cha mupira. Lakini wazee wa wazee wetu, wale wa kwanza walioletwa kutoka mbali, wengine kwa nguvu, wangesema hadisi ingine. Ninasifu kwa Baloji neno hili: hakuchagua hadisi moja na kutupa ingine. Aliweka zote mbili ndani ya foto moja, na sisi tunabaki katikati.

Mwaka 2007 alipeleka kazi yake Bamako, inchi ya Mali, kwenye makutano makubwa ya foto ya Afrika. Alirudi na zawadi mbili. Mwaka 2009 alipata zawadi ya Prince Claus ya Uholanzi. Mwaka 2010 foto zile zilionyeshwa New York. Pamoja na Faustin Linyekula, mucheza dansi anayejulikana sana kutoka Kisangani, alitengeneza pia video: Linyekula anacheza ndani ya usini tupu, mwili wake tu na vyuma. Unaona tayari kwamba mutu huyu hakai katika kazi moja. Foto, filme, dansi, muziki, historia, mambo ya ujenzi, vyote anavishika. Kwa Kifaransa wanamwita «interdisciplinaire». Sisi tungesema: fundi asiyekubali kufungiwa katika chumba kimoja.

Instalasio ni kitu gani?

Neno hili litarudi mara nyingi, basi tulieleze. Foto unaitundika kwenye ukuta. Sanamu unaiweka chini, unaizunguka. Instalasio ni fasi nzima: vitu, sauti, mwangaza, filme, pengine udongo na mimea, vyote vimepangwa ili wewe utembee ndani.

Unasema hauelewi? Unaelewa sana. Umekwisha kuingia katika matanga. Viti vimepangwa kwa namna fulani. Foto ya marehemu iko mbele, pembeni yake mishumaa au maua. Kofia yake ya kazi iko pale. Wamama wanaimba polepole. Hakuna mutu amekueleza kitu, lakini umefika tu kwenye mulango, na moyo umekwisha kujua. Kofia peke yake haisemi. Kiti peke yake hakisemi. Vikiwekwa pamoja, vinasema. Msanii wa instalasio anafanya vile, lakini kwa habari ambayo yeye ametafuta, mara nyingi kwa miaka mingi katika karatasi za zamani.

Nitakupa mufano moja ambao mimi mwenyewe siwezi kuusahau. Mwaka 2013 Baloji alitengeneza kazi yenye jina la Kifaransa «Essai sur la planification urbaine», juu ya namna muji wetu ulivyopangwa. Wewe mwenye kukaa Lubumbashi, unajua kwamba kutoka katikati ya muji hata Kamalondo kulikuwa na fasi kubwa iliyoachwa wazi. Ilikuwa mupaka kati ya Wazungu na weusi. Upana wake ulikuwa karibu metre 500, kwa sababu walikisia kwamba mbu mwenye malaria hawezi kuruka mbali zaidi ya pale. Yaani mweusi na mbu waliwekwa upande mumoja.

Katika arshivi kuna foto ya 1929: watu wawili na lundo la inzi waliokufa. Wakati ule mufanyakazi alipaswa kuleta inzi 50 kila siku kabla ya kupewa poso yake. Inzi makumi tano! Mutu alitoka chimbo amechoka, na bado anakimbiza inzi ili watoto wale. Baloji alichukua foto ile, akaizungusha na foto za rangi zilizopigwa kutoka juu, ndani ya ndege, zinazoonyesha ile fasi ya mupaka namna iko leo, na katikati yake akatia foto za wadudu wanaowekwa katika nyumba ya makumbusho ya Lubumbashi, wamechomwa pini, wamepangwa mistari. Unaangalia wadudu, unaangalia nyumba za watu, unaona mupango ni ule ule.

Mwaka 2015 kazi hii ilifika Venice, Italia, ambako kila miaka miwili inchi nyingi zinaonyesha usanii wao. Baloji alialikwa ndani ya nyumba ya Ubelgiji. Sasa sikia: nyumba ile ilijengwa mwaka 1907, Leopold II akiwa bado mufalme, wakati Kongo yote ilikuwa bado mali yake. Na mutoto wa Lubumbashi akaingiza humo inzi wa Élisabethville.

Shaba yenyewe inapewa neno

Sisi tunajua shaba kama kilo na kama mushahara. Baloji anaijua hivyo pia, lakini anaigeuza kuwa karatasi ya kuandikia. Katika kazi moja alichukua mabamba ya shaba na kuyapiga mpaka yakatoa alama za chanjo, zile alama ambazo babu na nyanya zetu walichanjwa mwilini. Alama zile alizitoa katika foto ambazo Wazungu walipiga zamani juu ya kuchunguza makabila. Ngozi ya mutu imekuwa shaba. Na kweli, mbele ya kompani, vyote viwili vilihesabiwa pamoja.

Kazi ingine inakwenda mpaka kwenye vita vya 1914–1918. Shaba ya Katanga ilitumiwa kwa kutengeneza risasi kubwa za mizinga. Kisha vita, watu wa Ubelgiji waliokota maganda ya zile risasi, wakayapamba vizuri, wakayaweka ndani ya nyumba zao kama vyungu vya maua. Baloji alikusanya maganda ya namna ile na kupanda ndani yake mimea ya Kongo ambayo watu wa Ulaya wanaipenda sana kwa kupamba saluni. Ukiingia unaona bustani nzuri tu, majani mabichi. Ukikaribia unaona ni risasi. Kazi hii ni ya mwaka 2018. Mimi ninasema, hakuna hotuba ya siasa inayoweza kusema jambo hili kwa ufupi zaidi.

Kuna na filme ambayo sisi watu wa kanisa tunapaswa kuifikiri. Iliundwa mwaka 2017 kwa ajili ya documenta, maonyesho makubwa sana yaliyofanyika mwaka ule Athens na Kassel. Ndani yake unaona wafanyakazi wa usini moja ya Lubumbashi wanavuta shaba yenye moto, inakimbia nyekundu kama nyoka, inakuwa nyembamba, inakuwa waya. Juu ya picha zile unasikia kwaya. Ni kwaya ya zamani ya watoto wa Élisabethville iliyoitwa «Petits Chanteurs à la Croix de Cuivre», waimbaji wadogo wa musalaba wa shaba. Watoto wale walivaa shingoni musalaba wa shaba wa Katanga. Lakini musalaba ule, kabla ya misioni kufika, haukuwa musalaba wa Kanisa. Ulikuwa feza. Mababu walinunua na kuoa nao. Misioni ikauokota, ikaupa maana ingine, ikauweka kwenye vifua vya watoto. Katikati ya filme kuna maneno ya Valentin-Yves Mudimbe, mwalimu mukubwa aliyezaliwa Likasi mwaka 1941, aliyelelewa na mapadri na kufa katika mwaka 2025.

Ni habari ya ndugu zetu Wakatoliki, lakini sisi Waprotestanti tusicheke. Nasi pia tulijenga karibu na makambi ya kompani. Kwaya yetu iliimba, na sirene ya kazi ikatuambia saa ya kumaliza.

Na hapa ninajua ndugu wengine wataniandikia barua: «Pasta, mambo ya chanjo na ya mababu, hiyo si upagani?» Nimewaza sana juu ya hilo. Baloji anasoma alama za mababu kama mutu anavyosoma kitabu, na kusoma si kuabudu. Mwaka 2019 alianza utafiti wa shahada ya udoktori kule Antwerp, na ndani yake yumo lukasa, lile bao la mbao la Waluba lenye shanga, ambalo wenye kujua walipitisha kidole juu yake na kukumbuka majina ya wafalme, safari na vijiji. Yumo na kasala, sifa za ukoo ambazo sisi Waluba na majirani wetu tunaimba hata leo kwenye arusi na kwenye kilio. Ukisikia kasala ya ukoo wako na machozi yakatoka, hautakuja kuniambia kwamba umetenda zambi.

Kolwezi, Fungurume, Yangambi

Nisikufanye ufikiri kwamba anasema tu mambo ya zamani. Kati ya 2009 na 2012 alipiga foto Kolwezi, fasi za wachimbaji wa mikono, wale tunawaita wakrezeri. Mahema, mashimo, udongo mwekundu mpaka mwisho wa macho. Lakini aliona kitu ambacho wengine hawakuona. Ndani ya vibanda, wachimbaji walitundika picha za karatasi zilizochapwa China: maji yanatelemuka, maua, nyumba nzuri, barabara safi, anga ya buluu. Aliweka picha hizo pembeni ya foto za machimbo. Unaona shimo, na karibu yake ndoto ya mutu anayelala katika shimo. Sina neno la kuongeza pale. Wengi wenu muko na picha namna ile nyumbani.

Fungurume pia alikwenda, pamoja na Filip De Boeck, mwalimu Mubelgiji anayechunguza maisha ya miji ya Kongo. Filme yao ya 2016, «Pungulume», inawapa neno wakubwa wa Wasanga: wanaeleza historia ya ukoo wao na ya milima, wakati mashini za kompani zinakula milima ile ile. Kule Kinshasa walitengeneza filme ingine, juu ya munara wa orofa 12 ambao mutu mumoja aliusimamisha Limete kwa mawazo yake mwenyewe. Inachekesha na inaumiza, lakini si ya eneo letu, nitapita.

Hata misafara ya kwanza ya Wazungu katika Katanga ameifungua. Kuanzia 1898 mpaka 1900 Charles Lemaire alipita huku pamoja na mupiga foto na mutu wa kuchora rangi. Baloji aliunganisha michoro mizuri ya yule muchoraji na foto za watu wenyewe, na kazi ile ilionyeshwa mwaka 2011 Tervuren, ndani ya nyumba ya makumbusho iliyoanzishwa na Leopold. Patrick Mudekereza, mwandishi wa Lubumbashi, alikuwa pamoja naye. Na mwaka 2022, Florence, katika jumba la Palazzo Pitti, alionyesha mabamba ya shaba yenye nakshi za nguo za raffia za Kongo ya zamani. Nguo zile na pembe za ndovu zilipelekwa Ulaya kama zawadi, wakati wafalme wa Kongo na wa Ureno waliandikiana barua kama ndugu. Watoto wetu katika masomo hawajui kwamba wakati ule ulikuwapo.

Filme yake ndefu ya karibuni, «L'arbre de l'authenticité», ilipata mwaka 2025 zawadi ya pekee ya waamuzi huko Rotterdam. Inatupeleka Yangambi, karibu na Kisangani, ambako Wabelgiji walikuwa na kituo kikubwa cha kuchunguza mimea ya Kongo. Mumoja wa watu wanaosema ndani yake ni Paul Panda Farnana, Mukongo aliyesomea kilimo Ubelgiji, akapigania Ubelgiji katika 1914, akakamatwa na Wajeremani, akarudi na kudai haki za Wakongo. Alikufa 1930. Na muti nao unasema. Ndiyo, muti. Juu ya habari hii ya Yangambi alikwisha kupata sifa ya pekee Venice katika 2023, kwenye maonyesho ya ujenzi wa miji.

Sasa unga unatoka wapi?

Turudi kwa swali la mama. Mutu hawezi kula zawadi na vyeti. Msanii namna hii anaishi kwa njia nyingi zilizofungwa pamoja. Foto zinachapwa chache tu, zinahesabiwa, kisha zinauzwa kwa nyumba za makumbusho na kwa watu wenye kukusanya. Duka la usanii, kwake ni la Imane Farès kule Paris, linamutafutia wanunuzi na kugawana naye. Maonyesho makubwa yanaagiza kazi mupya na kulipia vifaa. Kuna na nyumba zinazomupokea msanii kwa miezi, apate kulala, kula na kufanya kazi: Baloji alikaa hivyo Roma, katika Villa Medici, mwaka 2019 na 2020. Katika 2014 na 2015 alipata mwaka mumoja wa kujifunza karibu na Olafur Eliasson, msanii mukubwa sana wa instalasio, kwa mupango wa kompani ya saa ya Rolex. Sasa anagawa maisha kati ya Lubumbashi na Brussels.

Kwa kijana, mimi naona fundisho la kazi hapo: hesabu miaka. Kutoka Inivesite mpaka Venice ni zaidi ya miaka 10. Karatasi nyingi alizofungua katika arshivi hazikuzaa kitu. Barua nyingi msanii anaandika, majibu ni machache. Visa, unajua mwenyewe.

Lakini kuna jambo linalonisumbua, na sitalificha. Foto za wazee wetu ziko New York. Shaba yetu iko Venice mara ya pili: kwanza ilikwenda kama tani, sasa inakwenda kama usanii. Na mujane wa kambi ya Gécamines hajaona hata moja. Nilisikia vijana wakisema hivyo kwa hasira na sikuwa na haki ya kuwanyamazisha.

Jibu la Baloji mwenyewe lilianza mapema. Mwaka 2008, pamoja na rafiki zake wa Lubumbashi, alianzisha shirika, wakaliita Picha. Neno la Kiswahili, letu. Lile shirika likazaa maonyesho ya Lubumbashi, ambayo leo tunaita bienale. Hata mwaka 2022 yalikuwa yamefanyika mara saba. Wasanii wa inchi nyingi wanakuja huku kwetu, wanakaa pamoja na vijana wetu. Mara ya saba walichagua jina «ToxiCité»: muji na sumu. Watu wa Penga Penga na wa kando ya usini hawakuhitaji mutu wa kuwafasiria.

Inatosha? Mimi nadhani bado. Bienale inafika katikati ya muji kuliko inavyofika katika makambi, na Likasi na Kolwezi wanaisikia tu kwa redio. Lakini mulango uko, na kwa vijana mara nyingi kuingia ni bure. Ukisikia tena kwamba bienale imefunguliwa, peleka watoto wa Shule ya Jumapili. Usiogope kwamba hautaelewa. Kumbuka matanga.

Kuhusu yule mama: nilimuonyesha foto ya lundo la inzi katika kitabu kimoja. Alicheka kwanza. Kisha akauliza mwaka gani. Nilipomwambia 1929, akanyamaza, akahesabu kwa vidole, akasema baba ya baba yake alikwisha kuwa Panda, kule Likasi, wakati ule. Nyumbani kuna sanduku lake, na ndani yake kofia ya kazi na namba ya chuma. Alitaka kuvitupa mwaka huu. Sasa amempa mutoto wake, yule wa mabati.